Kaka amenisomesha kwa sindano ya ganzi, na msimu wa tohara unakaribia

BARUA

Kamwene, Mama Mshauri. Shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma uuguzi mwaka wa pili hapa Mbeya. Kwetu ni Mufindi, kijijini, mbali na lami. Ukishuka Mafinga unapanda bodaboda, na mvua zikikolea hata bodaboda wanagoma kwenda. Ninaandika usiku, wenzangu wamelala. Naomba jina langu lisitoke.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Kaka yangu alikuwa kidato cha pili, akaacha shule akaenda kupakia mbao kwenye malori ili mimi na mama tule. Baadaye mzee mmoja, tabibu mstaafu aliyekuwa na duka la dawa pale kijijini, alimchukua awe anamsaidia. Akamfundisha kusafisha vidonda, kushona, kung'oa jino, na mwishowe tohara. Mzee alipofariki, duka likabaki kwa kaka. Ana cheti cha kuuza dawa muhimu, yale mafunzo ya wiki chache, basi. Lakini kijiji kizima kinamwita dokta. Mtu akikatwa na msumeno au panga usiku, mlango unaogongwa ni wa kaka. Ada yangu, viatu vyangu vyeupe, hata saa ya kubandika kifuani ninayohesabia mapigo ya wagonjwa, vyote vimetoka kwenye kile chumba cha nyuma ya duka.

Msimu wake mkubwa ni wa baridi, Juni hadi Agosti. Kwetu tunaamini kidonda cha baridi hupona upesi. Kampeni za tohara zinakuja, ni bure, ila wanaume wazima wanaona haya kukaa kwenye benchi moja na watoto wa shule, halafu anayewapokea ni nesi msichana. Kwa kaka wanakuja usiku, wamejifunika makoti. Na wapo wazazi ambao kwenye kampeni wameambiwa mtoto wao bado mdogo, hawataki kungoja, wanamleta.

Julai mwaka jana nilikuwa likizo. Akaletwa mtoto wa jirani yetu, miaka tisa, nitamwita Dogo. Mimi nilishika tochi ya simu. Kaka alivuta ganzi kwenye bomba la mililita tano, akachoma, akajaza tena, akachoma. Hakumpima uzito. Sijawahi kuona mizani mle ndani.

Hazikupita dakika kumi, Dogo akaniambia, "Anti, midomo yangu imekufa ganzi." Nikacheka, nikamwambia ganzi imechomwa huko chini, si mdomoni. Akasema masikioni mwake kuna nyuki. Kisha akaanza kuongea kama mtu aliyelewa ulanzi, kope zikawa zinachezacheza, mara akakakamaa. Degedege, mwili mzima. Kaka alimshika, akampepea, akawa anamwita jina. Mimi nilikuwa na ile saa kifuani. Nilihesabu dakika mbili na nusu. Akazinduka, akalia, akaomba maji. Kaka alisubiri kidogo, akamalizia kazi yake. Kidonda kilipona vizuri kabisa.

Wazazi waliambiwa damu ya mtoto haipatani na ganzi. Walimshukuru kaka kwa kumwokoa, wakaleta na kuku. Tangu siku hiyo Dogo anajulikana kijijini kuwa ni yule asiyechomwa ganzi.

Nilipokwenda Desemba, nikakuta ana kovu refu mguuni. Shoka lilimteleza akipasua kuni. Kituo cha afya walitaka kumchoma ganzi wamshone, mama yake akakataa katakata, akawaeleza yaliyotokea. Akashonwa hivihivi. Mama yake alinisimulia jinsi wanaume wanne walivyomshika, na kwamba Dogo alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Muhula huu tukafundishwa dawa za ganzi. Mkufunzi akaandika ubaoni dalili za lignokaini ikizidi mwilini: ganzi kuzunguka mdomo, ladha ya chuma, mlio masikioni, kuongea ovyo, kutetemeka, degedege. Niliomba ruhusa nikatoka nje.

Kuna jambo jingine, na hili nimeona aibu kuliandika mpaka sasa. Nikiwa kwenye mafunzo wodini, kaka alinipigia simu. Aliyekuwa anamuuzia ganzi amekataa, anadai kibali. Akaniomba zinazobaki. Nilichukua chupa mbili. Moja ilikuwa imeshafunguliwa, nikajiambia ingemwagwa tu. Hiyo nyingine haikuwa imefunguliwa.

Sasa ni Aprili. Ameniagiza nyingine kabla ya msimu. Nikisema, kaka atafungwa, mama ana presha itamuua, na mimi nitafukuzwa chuo alichonilipia. Nikinyamaza, namwona Dogo kila nikilala. Kaka hana roho mbaya, Mama. Mikono yake ni mizuri kuliko ya baadhi ya watu niliowaona wodini, na hajawahi kuua mtu. Labda kweli ilikuwa aleji? Nisaidie nijue la kufanya.

Mwenye deni la kaka, Mbeya

JIBU

Marahaba, binti yangu. Kamwene sana.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na mara moja nimeisoma pamoja na daktari wa usingizi ninayemwamini. Jina lako sikumpa. Yale ya kitaalamu nitakayoyasema hapa yamepita machoni pake. Mengine ni yangu mwenyewe, mama aliyewahi kusomeshwa na jasho la ndugu na anayejua uzito wa deni hilo.

Kama nimekuelewa, umebeba mambo matatu ambayo yamefungwa kitita kimoja. Kuna kaka anayekudai shukrani ya maisha yako yote. Kuna mtoto aliyepata madhara mbele ya macho yako, akapewa maelezo ambayo sasa unayatilia shaka. Na kuna chupa mbili. Wewe umeniuliza kana kwamba ni mambo yenye jibu moja, useme au unyamaze. Nitajaribu kuyafungua moja baada ya jingine, maana naona kila moja lina mlango wake.

Nianze na swali lako la aleji, kwa sababu nadhani ndilo ulilotamani nilijibu kwa "ndiyo".

Mzio wa kweli wa lignokaini upo, ila ni nadra sana. Mara nyingi mtu anayesema ana aleji ya ganzi alizimia kwa hofu ya sindano, au moyo ulimwenda mbio kwa sababu ganzi ya meno huwa imechanganywa na adrenalini. Mzio wenyewe huja na vipele, muwasho, uso kuvimba, kifua kubana, presha kushuka. Katika barua yako sioni hata kimoja. Ulichoandika ni midomo kufa ganzi, nyuki masikioni, ulimi wa kilevi, kope kucheza, kisha degedege, tena kwa mpangilio uleule uliouona ubaoni. Daktari niliyemsomea alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mtoto alikuwa na kilo ngapi?"

Hujui, na kaka hakujua. Basi tukakadiria kilo 24, kama watoto wengi wa umri huo. Kwenye tohara hutumika lignokaini tupu isiyo na adrenalini, na kiwango cha juu kinachofundishwa ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mtu. Kwa Dogo hiyo ni miligramu 72. Dawa ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa mililita tatu na nusu hivi. Bomba la mililita tano mara mbili ni miligramu 200. Karibu mara tatu. Kama chupa iliandikwa asilimia 1, alipata miligramu 100, na hata hiyo ilimzidi. Sasa chukua mwanaume wa kilo 60 anayekuja usiku na koti lake: kiwango chake cha juu ni miligramu 180, yaani mililita tisa za dawa ya asilimia 2. Nadhani hapo ndipo kaka yako alipojifunzia. Kipimo kilichokuwa ukingoni kwa wanaume wengi, bila kumwangusha yeyote, aliwapa na watoto.

Sikuambii haya ili uwe na hakika kuliko unavyoweza kuwa. Mimi sikuwepo, na wewe ulikuwa na tochi ya simu. Mtoto mwenye hofu na njaa anaweza kuzimia na kurukaruka kidogo. Mtoto anaweza kuwa na kifafa ambacho hakijajulikana. Sindano inaweza kuingia kwenye mshipa wa damu, ndiyo maana mnafundishwa kuvuta bomba nyuma kidogo kabla ya kusukuma, na hapo hata dozi isiyo kubwa inaweza kuleta balaa. Wa kutofautisha haya ni daktari mwenye maelezo kamili. Na maelezo kamili, mwanangu, unayo wewe. Ndiyo kwanza nafika kwenye kitu kilichoniuma zaidi katika barua yako.

Wewe unamwona Dogo usingizini akiwa katika zile dakika mbili na nusu. Mimi namwona akiwa ameshikwa na wanaume wanne. Degedege liliisha, lakini neno "hapatani na ganzi" bado linaishi naye. Atang'olewa jino nalo. Atavunjika mkono nalo. Akija mbele ya daktari na neno hilo, daktari mwangalifu atasita, na mtoto ataumia bure kwa sababu ya maelezo yaliyotolewa usiku mmoja ili watu wazima watulie. Na hata kama mzio ungekuwa wa kweli, zipo dawa za ganzi za kundi jingine, na hospitalini kuna namna ya kumchunguza. Kwa hiyo nakuomba uliweke jambo hili pembeni kidogo ya swali la kaka kuadhibiwa au kutoadhibiwa. Kurekebisha taarifa za mtoto yule ni kazi inayoweza kuwa na njia zake.

Sasa kaka.

Umeandika kwamba mikono yake ni mizuri na hajawahi kuua mtu. Naamini yote mawili. Mtu aliyeacha kidato cha pili akabeba mbao ili mdogo wake asome simwiti mwovu, na mzee aliyemfundisha bila shaka alikuwa na nia njema pia. Lakini ulipoandika "mikono mizuri" nilijiuliza: unapima usalama wa ganzi kwa mikono? Ushonaji ni wa mikono. Ganzi haimalizikii pale ilipochomwa. Inafunga vijilango vya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, na ndiyo maana taarifa ya maumivu haisafiri. Ikinyonywa kwenye damu kwa wingi inakwenda kufunga vijilango hivyohivyo kwenye ubongo na kwenye moyo. Utasoma mwaka ujao, kama hujasoma bado, kwamba dawa hiihii hutumika hospitalini kutuliza aina fulani ya mapigo ya moyo yaliyovurugika. Dawa inayoweza kuutuliza moyo, ikizidi inaweza kuusimamisha.

Ni rahisi kuisahau nguvu hiyo kwa sababu tumeizoea. Nils Löfgren aliitengeneza huko Sweden mwaka 1943, ikaanza kuuzwa 1948, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kila anayeng'olewa jino Mafinga au Tukuyu ameionja. Ikitolewa kwa kipimo, na mtu anayejua cha kufanya mambo yakigeuka, ni dawa salama mno, na mimi nisingependa msomaji yeyote atoke hapa akiikimbia. Tatizo la chumba cha nyuma ya duka ni pale mambo yanapogeuka. Hospitalini mtoto akikakamaa analazwa ubavu, njia ya hewa inalindwa, anapewa oksijeni, anapewa dawa ya kukata degedege, moyo unafuatiliwa. Penye uwezo kuna hata dripu ya mafuta ambayo huinasa ganzi iliyozidi kwenye damu. Kwa kaka kulikuwa na kupepea na kuita jina. Dogo alirudi mwenyewe. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nadhani wewe pia unajua kwamba hakurudishwa na mtu.

Umeniambia ukisema kaka atafungwa, mama atakufa, wewe utafukuzwa. Huenda. Lakini naona umeruka kutoka kimya hadi jela bila kupita katikati, na katikati kuna nyumba nyingi.

Ya kwanza ni kaka mwenyewe. Katika barua yako yote sijaona mahali uliposema naye kuhusu Dogo baada ya kufundishwa. Inawezekana hajui. Anayeamini kwamba ile ni damu ya mtoto hana sababu ya kubadilika. Ungekaa naye, wawili tu, duka limefungwa, ukamwonyesha hesabu ile ya kilo kwenye daftari lako bila kutumia neno kosa, sijui angesema nini. Wewe ndiye unayemjua. Hatari yake naiona mbili. Anaweza kukasirika akaona chuo alichokulipia kimekufundisha kumdharau. Au, na hii inanitisha zaidi, anaweza kukushukuru, akanunua mizani, akaendelea kwa kujiamini kuliko zamani. Kipimo sahihi kitapunguza hatari, lakini hakitaleta oksijeni mle ndani, wala hakitafanya duka la dawa muhimu liruhusiwe kuchoma ganzi na kutahiri. Maduka hayo yalianza kwa majaribio kule Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, ili watu wa vijijini wapate dawa zilizokaguliwa kutoka kwa mtu aliyefunzwa. Upasuaji haumo.

Ya pili ni kumtafuta mtu mzima wa ukoo, mjomba au mwingine ambaye kaka humsikiliza. Kwetu Nyanda za Juu Kusini mambo mengi mazito yamepatiwa njia hivyo. Ila unajua pia jinsi kikao cha ukoo kinavyoweza kuisha: ya nyumbani yaishie nyumbani, kaka asamehewe, na lawama abaki nayo binti aliyefungua mdomo. Ukienda huko, nenda ukijua unataka waamue nini.

Ya tatu inawahusu wazazi wa Dogo. Wapo watu ambao wangetaka waambiwe na kaka mwenyewe, kwa mdomo wake, "nilimzidishia." Sijui kama analiweza. Wazazi wanaweza kusamehe, wanaweza kudai fidia, wanaweza kwenda polisi, na watakuwa na haki ya kuchagua. Ipo pia njia ya kuanzia kwa mtoto: kumshauri mama yake ampeleke kwa daktari, na daktari apewe maelezo ya kweli ya dalili na kiasi, ili aamue kama neno lile lifutwe. Njia hiyo haiwezi kukuhakikishia siri. Daktari mzuri atauliza nani alichoma.

Kisha kuna ofisi. Mganga Mkuu wa Wilaya yupo, Baraza la Famasi lipo kwa ajili ya maduka kama hayo. Ukifika huko, mkondo unaondoka mikononi mwako. Hutaweza kusema nimebadili mawazo. Duka linaweza kufungwa, na mtu wa kijijini kwenu mwenye mtoto anayeharisha usiku atakosa hata chumvi za kumpa. Hilo ni jambo la kweli, silidharau. Kwenye mizani ileile kuna watoto wa Juni, ambao wewe na mimi hatujui majina yao.

Kuna njia moja ambayo sijui kama umeifikiria. Kaka yako ana kitu ambacho kampeni inakihitaji sana: anaaminiwa na wanaume wanaoona haya. Iringa walianza huduma za tohara kinga mwaka 2009, na sababu yake unaijua, tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa Virusi vya Ukimwi na mwanamke. Kazi nzuri kabisa. Bado baba wa watoto watatu anapendelea hatari ya gizani kuliko benchi lenye wanafunzi, na nina uchungu na hilo, maana haya ya wanaume wazima imekijaza kile chumba kuliko tamaa yoyote ya kaka yako. Akienda kituo cha afya kama mhamasishaji, akawaomba watenge saa au siku ya wanaume wazima na mhudumu wa kiume, huenda akapata nafasi ya heshima. Kipato kitapungua, na kipato hicho ni ada yako. Je, wewe na yeye mmewahi kuongea kuhusu ada bila hicho chumba? Vyuo vingine hukubali kulipwa kidogokidogo, na ndugu wengine huchangia wakiombwa. Inawezekana kaka anaendelea kwa sababu anadhani wewe ndiye unayemtegemea, na wewe unanyamaza kwa sababu hiyohiyo.

Nimeziacha chupa mwisho kwa sababu na wewe uliziacha mwisho.

Uliandika "ingemwagwa tu", halafu, bila kulazimishwa na mtu, ukaongeza kwamba ya pili haikuwa imefunguliwa. Nimekuheshimu kwa sentensi hiyo. Ile iliyofunguliwa inaweza kubeba vijidudu tangu wodini hadi kwenye kidonda cha mtu Mufindi. Ile nyingine ilikuwa ya mgonjwa fulani aliyekuwa anakuja kushonwa. Na sasa umeombwa tena. Unaweza kumkatalia kaka na kuishia hapo. Huenda akaipata kwingine, pengine ya mtaani isiyojulikana imetoka wapi. Unaweza kumweleza mkufunzi au muuguzi kiongozi unayemwamini kuhusu zile mbili ulizochukua. Siwezi kukuahidi atalipokea vipi. Wapo watakaoona mwanafunzi aliyejisema mwenyewe, wapo watakaoona mwizi, na adhabu inaweza kuwa kali. Ninachokuuliza ni hiki tu: ukiwa muuguzi mwenye funguo za kabati la dawa, na simu ya kaka ikaita, utamjibu nini siku hiyo? Jibu hilo unaweza kuanza kulifanyia mazoezi sasa, kabla ya Juni.

Kuhusu mama yako. Umeamua kwa niaba yake kwamba habari hii itamuua. Mama huyo alimzika mumewe, akawalea nyie wawili, na kila siku anaishi hatua chache kutoka kwenye kile chumba. Sina uhakika kwamba hajui. Sisemi umwambie, presha ni ugonjwa wa kweli. Ila siku ukiwa naye jikoni, moto unawaka, muulize tu analionaje duka la kaka siku hizi, kisha unyamaze umsikilize. Huenda ana usiku wake mwenyewe ambao hajamsimulia mtu.

Niandikie tena, hata mistari miwili, kabla baridi haijaanza. Jina la kijiji usiliweke. Niambie tu Dogo anaendeleaje na ule mguu.